Wengi Wape: Hoja Juu ya Fungu la Soko la Kamera

Msomaji, umepata kusimama mbele ya duka la kamera ukawasikia vijana wawili wakishindana? Mmoja ashikilia Canon, mwenziwe ashikilia Sony, na wa tatu apitaye njia huchomeka neno lake la Nikon. Hawashindani juu ya picha, maana picha hawana hata moja mkononi. Washindana juu ya nani aliyeuza zaidi mwaka jana, nani amepanda kwa asilimia ngapi na nani ameshuka, kana kwamba wao ni wana wa makampuni hayo na watagawiwa faida mwisho wa mwaka. Mmoja akiishiwa na hoja hutoa methali ya wazee: Wengi wape. Maana yake katika kinywa chake ni kwamba kamera inayonunuliwa na watu wengi ndiyo kamera njema, na aikataaye ni mpumbavu au mkaidi.

Nakusudia kuipinga hoja hiyo. Sina ugomvi na Canon wala ujamaa na Nikon, na sijapata kuonja senti ya yeyote kati yao. Ugomvi wangu ni juu ya kipimo. Fungu la soko ni kipimo cha muuzaji. Kilibuniwa ili kimwambie mwenye kiwanda habari za kiwanda chake, na katika kazi hiyo ni kipimo kizuri. Mnunuzi akikiazima akakifanya chake hufanana na msafiri achaguaye chombo kwa kuuliza ni nahodha yupi aliyepokea nauli nyingi mwaka jana, asiulize kama chombo chenyewe chaenda Lamu au chaenda Pemba.

Kwanza tukitazame kipimo chenyewe. Tuseme mtaani pana wauza mahamri watatu, na kila asubuhi mtaa hula mahamri 100. Mama mmoja huuza 30. Fungu lake ni asilimia 30. Baadaye watu wakahamia mkate wa dukani, mtaa ukawa wala mahamri 10 tu, naye akauza 5. Fungu lake sasa ni asilimia 50. Kwa lugha ya takwimu mama huyu amepanda, tena amepanda sana. Kwa lugha ya jiko lake amefilisika, na watoto wake hawana karo.

Hayo ndiyo yaliyowapata watengenezaji wa kamera. Huko Japani kuna chama chao, kijulikanacho kwa jina la CIPA, ambacho huhesabu kamera zinazotoka viwandani mwa wanachama wake. Mwaka 2010 zilitoka kamera za dijitali zaidi ya 121,000,000. Mwaka 2023 hazikufika 8,000,000. Piga hesabu mwenyewe, msomaji: katika kila kamera 100 za mwaka ule, hazikubaki hata 7. Mwaka 2024 zilipanda kidogo zikawa kiasi cha 8,500,000, na kupanda huko kulipokewa kwa vigelegele. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Katika miaka hiyo yote makampuni hayakuacha kutangaza mafungu yao, na washabiki wao hawakuacha kuyabeba matangazo hayo vichwani, wala hawakuona kwamba bwawa lililokuwa likigombewa lilikuwa likikauka chini ya miguu ya wagombeaji.

Aliyelikausha ni simu. Mwezi wa Novemba mwaka 2000 ilitoka Japani simu ya Sharp yenye kamera ya vitone 110,000 tu, kitu ambacho mpiga picha wa kazi angekicheka. Mwaka 2007 ikaja iPhone, na baada yake simu za kila namna, hata mtu akawa hana haja tena ya kubeba vyombo viwili mfukoni. Kamera ndogo ndizo zilizoanguka kwanza. Casio, ambayo mwaka 1995 ilileta QV-10, kamera ya mtu wa kawaida iliyokuwa na kioo nyuma cha kutazamia picha papo hapo, ilijitoa katika kamera hizo ndogo mwaka 2018. Konica Minolta ilikuwa imekwisha kuondoka mwaka 2006, na mali yake ya kamera ikachukuliwa na Sony. Samsung iliingia kwa kishindo ikatoka kimya kimya. Olympus, iliyoanzishwa mwaka 1919, ilijitenga na kamera zake mwanzo wa mwaka 2021. Hata hapa kwetu waulize wapiga picha waliokuwa wakizunguka Uhuru Park siku za sikukuu wakiwapiga watu picha na kuwapa karatasi zao kabla ya jioni. Watakuambia ni nani aliyewanyang'anya wateja, na jibu lao halitakuwa jina la mpiga picha mwenzao.

Tena hata fungu lenyewe halina sura moja. Canon imejitangaza mwaka baada ya mwaka, tangu 2003, kuwa ya kwanza duniani. Lakini yasome maneno hayo mpaka mwisho, utaona yana mpaka: katika kamera za kubadilisha lenzi, kwa idadi. Sony nayo imejivunia nafasi yake katika kamera zisizo na kioo ndani, zenye kihisi cha milimita 36 kwa 24. Kuna wahesabuo kwa idadi ya kamera na kuna wahesabuo kwa fedha. Kuna wahesabuo mwaka mzima na kuna wahesabuo mwezi mmoja waliouchagua wenyewe. Huko Japani kampuni iitwayo BCN hutoa orodha za mauzo kutokana na hesabu za maduka yanayoipa habari zake. Ni orodha ya maduka ya Japani, lakini hunukuliwa Nairobi kana kwamba ni sensa ya dunia nzima. Mwenye kutafuta uwanja mdogo wa kutosha hakosi kuwa wa kwanza. Mimi ni wa kwanza kwa urefu nyumbani kwangu. Watoto wangu bado wadogo.

Sasa nataka unifuate mpaka mji wa Rochester, katika Marekani, kwa kuwa hapo pana kisa ambacho kila ashikiliaye methali ya Wengi wape yampasa akijibu. Mwaka 1975 mhandisi kijana wa Kodak, Steven Sasson, aliunda kamera ya dijitali iliyoweza kubebwa mkononi, ya kwanza ya namna yake. Uzito wake ulikuwa kiasi cha kilo 3.6. Picha yake ilikuwa na vitone 10,000, tena bila rangi, na ilihitaji sekunde 23 kuandikwa katika kanda ya kaseti. Wakubwa wake waliitazama wakaistaajabia, lakini kampuni yao iliishi kwa filamu. Kila picha aliyopiga mtu ilikuwa ni filamu iliyonunuliwa, dawa ya kuisafishia na karatasi ya kuipigia chapa. Na hapa palikuja chombo kisichohitaji hata kimoja katika hivyo vitatu.

Watu wengi hukisimulia kisa hiki kana kwamba Kodak ililala usingizi mpaka ikafa. Si kweli, na uongo huo huficha fundisho kubwa zaidi. Kodak iliamka. Ilitengeneza kamera za dijitali, ikaziuza kwa wingi, hata mwaka 2005 ikawa ya kwanza kwa mauzo ya kamera hizo nchini Marekani. Mwezi wa Januari 2012 kampuni hiyo hiyo ilikuwa mahakamani ikiomba kulindwa na wadai wake, na mwaka huo huo ikatangaza kwamba itaacha kutengeneza kamera. Kutoka kileleni mpaka mahakamani ni miaka saba. Fungu ilikuwa nalo. Faida haikuwa nayo, kwa sababu kamera ya dijitali iliuzwa kwa faida nyembamba, na filamu iliyokuwa ikiilisha nyumba yote ilikuwa imetoweka. Mtu aliyenunua kamera ya Kodak mwaka 2005 kwa kuwa wengi waliinunua, wengi hao hawakumsaidia kitu. Fujifilm, ambayo nayo iliishi kwa filamu, ilinusurika. Na haikunusurika kwa kugombea fungu la kamera tu, bali kwa kuupeleka ujuzi wake wa kemia katika mambo mengine, hata ikauza mafuta ya kupaka usoni.

Mpinzani wangu atasema: Haidhuru hao waliofilisika; ushindani wao ulimfaidi mnunuzi, kwa kuwa kila mmoja alilazimika kufanya kamera yake kuwa bora kuliko ya mwenziwe. Maneno haya yana ukweli ndani yake, nami sitaunyima haki yake. Mwaka 2003 Canon ilitoa EOS 300D, kamera ya kubadilisha lenzi kwa bei iliyopungua dola 1,000, na mwaka uliofuata Nikon ikajibu kwa D70. Watu ambao wasingeweza kuota kamera kama hizo wakazipata. Lakini ushindani hufuata kile kinachohesabika mbele ya mnunuzi, na kinachohesabika si lazima kiwe chema. Kumbuka vita vya megapikseli. Kwa miaka mingi kila kampuni ilichapa namba juu ya sanduku: 6, kisha 8, kisha 10, 12, 14, 16. Mnunuzi alidhani kamera ya 12 yaishinda ya 10 kama shilingi 12 zinavyozishinda 10. Sivyo. Vitone hivyo hupangwa kwa urefu na kwa upana, kwa hiyo kutoka 10 mpaka 12 huongeza vitone vya kila upande kwa asilimia isiyofika 10. Na ukitaka kuongeza mara mbili kila upande sharti upate mara nne, yaani kutoka 10 mpaka 40. Wakati huo huo kihisi cha kamera ndogo, kile kigae kipokeacho nuru, kilibaki na upana wa milimita 6 hivi na kimo kisichofika 5. Vitone vilizidi kusongwa mahali pale pale, kila kimoja kikapokea nuru haba, na picha za jioni zikajaa chenga. Wahandisi walilijua jambo hili. Lakini namba kubwa iliuza, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupunguza namba yake na kupoteza fungu lake. Huu ndio ushindani uliosemwa kwamba unamtumikia mnunuzi!

Nathubutu kusema zaidi: fungu kubwa ni mto laini, na aliyeulalia hachelewi kusinzia. Mwaka 2008 Panasonic ilitoa kamera ya kubadilisha lenzi isiyo na kile kioo cha ndani. Mwaka 2013 Sony ikaleta Alpha 7, iliyotia kihisi kikubwa, sawa na kipande cha filamu cha zamani, ndani ya mwili mdogo. Canon na Nikon ndizo zilizokuwa zimelishika soko la kamera za kioo, na kwa hiyo ndizo zilizokuwa na kitu cha kupoteza. Zilijaribu kamera ndogo zisizo na kioo, lakini kwa kihisi kikubwa hazikujibu mpaka Agosti na Septemba 2018, karibu miaka mitano baadaye. Wachache, waliokuwa na fungu dogo, ndio waliothubutu. Kama mwaka 2013 ungetafuta kwa methali ya Wengi wape mahali ambapo kamera za kesho zilikuwa zikiundwa, usingeonyeshwa Sony.

Kuna jambo jingine ambalo washabiki hulisahau, nalo huwafedhehesha kidogo. Adui wanaowatukana mara nyingi ni ndugu wa damu. Kamera ya kwanza ambayo Canon iliiuza, Hansa Canon ya mwaka 1936, ilivaa lenzi ya Nikkor iliyotengenezwa na kampuni tunayoiita leo Nikon. Katika siku zetu, kamera nyingi za Nikon na za Fujifilm hutazama kwa vihisi vinavyotoka katika viwanda vya Sony, mshindani wao. Mwezi wa Aprili 2016 tetemeko la ardhi liliupiga mkoa wa Kumamoto, kusini mwa Japani, kiwanda cha Sony cha vihisi kikasimama, na makampuni mengine yakajikuta yakichelewesha kamera zao. Canon, ambayo hujitengenezea vihisi vyake vingi, iliweza kutikiswa kidogo kuliko wengine. Waliobaki walingoja mlangoni kwa mshindani. Basi wanaposhindana wale vijana wawili mbele ya duka, mmoja akiisifu Nikon yake na kuilaani Sony, pengine ailaani mboni ya jicho lake mwenyewe.

Nisikilize sasa juu ya lenzi, maana hapa ndipo fungu la soko linapougusa mfuko wako. Kila kampuni ina pete yake ya kushikia lenzi, na lenzi ya pete hii haiingii katika pete ile. Mwenye lenzi tatu hahami kwa urahisi. Amefungwa kwa mnyororo alioununua mwenyewe. Nikon ilianzisha pete yake ya F mwaka 1959, Canon ikaanzisha ya EF mwaka 1987, na kwa miaka mingi watengenezaji wengine, kama vile Sigma na Tamron, waliuza lenzi za kuingia humo kwa bei nafuu. Mwaka 2018 Canon ilipoleta pete mpya ya RF iliushika mlango kwa ukali. Mwaka 2022 Viltrox, kampuni ya Kichina, iliacha kuuza lenzi zake za kujilenga zenyewe kwa pete hiyo baada ya kutakiwa na Canon iache. Ilikuwa mpaka mwaka 2024 ndipo Sigma na Tamron walipotangaza lenzi za pete hiyo kwa ruhusa, tena kwa kamera zenye kihisi kidogo. Angalia jambo hili kwa makini: ni mwenye fungu kubwa awezaye kufanya hivyo. Mdogo akiufunga mlango wake, wateja huenda kwingine. Mkubwa akiufunga, wateja hulipa. Wewe mwenye kumshangilia kwa kuwa ameongeza fungu lake, wamshangilia kwa kukaza kufuli lako.

Nina mpwa wangu apigaye picha za arusi. Alikuwa na kamera nzuri na lenzi tatu alizozikusanya kwa miaka minne. Siku moja akasoma kwamba kampuni yake imeshuka sokoni, akaona haya mbele ya wenziwe, akauza vyote kwa bei ya kutupa akahamia kambi nyingine. Sitazitaja kambi hizo, kwa kuwa wala ile ya kwanza wala hii ya pili haikumkosea. Alikopa shilingi nyingi kwa ajili ya lenzi mpya, na hata leo angali anazilipa. Nilimwuliza kama maarusi wameziona picha zake kuwa bora sasa. Alicheka, akaniambia hakuna arusi hata mmoja aliyepata kumwuliza kamera yake ni ya nani.

Ili nisihukumu kwa upande mmoja, yanipasa kukiri kwamba fungu kubwa lina manufaa mamoja ya kweli kwa mnunuzi. Kamera waliyo nayo wengi ni rahisi kuitengeneza ikiharibika. Betri yake na chaja yake hupatikana hata katika mji mdogo. Lenzi yake yaweza kuazimwa kwa jirani, na zilizotumika huuzwa kwa wingi. Mtu wa Kitale au wa Garissa asipuuze jambo hilo. Lakini hesabu inayomfaa mtu huyo si ya Japani wala ya dunia. Ni ya fundi aliye karibu naye na ya wapiga picha wenziwe wa mji ule. Hesabu hiyo hakuna kampuni itakayomchapishia. Sharti atembee kwa miguu akaulize.

Nimeliweka mwisho jambo linaloniuma zaidi. Soko husikiliza anayelipa, na kwa miaka mingi aliyelipa hakuwa mtu mwenye ngozi kama yangu. Katika zama za filamu, Kodak ilipeleka katika nyumba za kusafishia picha kadi za kulinganishia rangi, na juu ya kadi hizo alikuwako mwanamke mweupe. Rangi ikimkaa vema yeye, mashine imesawazishwa. Uso mweusi ulitoka kama kivuli chenye meno. Wazazi walilalamika juu ya picha za shule ambazo watoto weusi hawakuonekana. Lakini imesimuliwa na waliofanya kazi humo kwamba malalamiko yaliyosikiwa upesi yalikuwa ya watengenezaji wa chakleti na wa samani, ambao hawakuweza kuonyesha katika matangazo yao tofauti ya chakleti nyeusi na ya maziwa, wala ya mbao moja na nyingine. Chakleti ilitangulia uso wa mtoto, na wakati huo Kodak ilikuwa na fungu kubwa la soko la filamu kuliko kampuni yoyote ya Marekani.

Katika zama hizi za dijitali, waliolichukua jambo hilo wakalifanya neno la kuuzia ni watu wa simu. Tecno, iliyojenga soko lake hapa Afrika, ilitangaza kamera za simu zake kuwa zimetengenezwa kwa ngozi nyeusi, na mwaka 2021 Google ikafuata kwa simu zake za Pixel. Sisemi kwamba walifanya hivyo kwa mapenzi, walitutaka tununue. Lakini angalau walituona. Basi ukienda dukani, msomaji, nenda na ndugu yako aliye mweusi kuliko wote nyumbani. Mwombe mwenye duka ruhusa, msimamishe ndugu yako mlangoni saa kumi na mbili jioni, jua likiwa nyuma yake, umpige kwa kila kamera iliyo mezani. Kisha vitazameni vioo vyake pamoja, mkiwa mmeyafunika majina kwa kidole.